Sauti Niliyoisikia Peke Yangu

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, katikati ya umati, hedifoni masikioni. Fundi mitambo. Watu wanaokuja kwenye shoo hawamtazami fundi mitambo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiona wanageuka kumtazama, ujue kuna kitu kimeharibika. Lakini kiti kile kina siri yake. Kwenye mikisa kila maiki ina njia yake, na kila njia ina kitufe kidogo ambacho ukikibonyeza unaisikia maiki hiyo peke yake, bila ngoma, bila gitaa, bila kelele za watu. Uwanja mzima unasikia muziki. Wewe unamsikia mtu.

Nimesikia mengi kupitia kitufe kile. Nimemsikia mwimbaji akihema kama aliyepanda ngazi za ghorofa kumi, kisha akaingia kwenye kiitikio bila kupoteza mdundo. Nimemsikia mwingine akijisemea "bado mbili, bado mbili," akihesabu nyimbo zilizobaki kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Na kuna usiku mmoja ambao nimeukalia kimya muda mrefu.

Nitamwita Dada, maana ndivyo tulivyomwita sote kwenye timu, hata waliomzidi umri. Ilikuwa shoo ya tatu ndani ya siku nne, miji mitatu tofauti. Tangu asubuhi sauti ilikuwa imekauka. Alikuwa amekatazwa kutamka hata neno moja, kwa hiyo alikuwa anaandika kwenye daftari dogo. Nilipoingia chumbani kumfungia kisanduku cha maiki kiunoni nilimkuta amekaa juu ya kasha la spika, taulo kichwani, bakuli la maji ya moto mapajani, anavuta mvuke. Alipomaliza aliandika sentensi moja, akaligeuza daftari ili kila mtu aisome: "Hatuwezi kuahirisha?"

Chumbani tulikuwa watu tisa. Hakuna aliyejibu. Mpambaji akaendelea kupanga brashi zake. Promota akatoka kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita. Meneja akalisoma daftari, akamshika bega, akasema taratibu, "Dada, watu wameshaingia." Kisha akanigeukia mimi.

"Fundi, lile faili unalo?"

Lile faili ni sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa studio miaka minne nyuma, nyimbo zote, safi kabisa. Mafundi wengi huwa nalo, la akiba. Nikasema, "Ninalo, bosi."

Nimerudi kwenye hilo "ninalo" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hatukuwa watu wabaya. Mpambaji yule amewahi kukesha naye hospitali siku tatu. Meneja aliuza vitu vyake vya ndani kulipia wimbo wa kwanza, wakati hakuna aliyemjua Dada hata kwa jina. Mimi mwenyewe nilimpenda kama ndugu. Lakini ukituchukua watu wote tisa wa chumba kile, hakuna hata mmoja ambaye angelipwa iwapo Dada angepumzika. Akiimba, tunakula. Asipoimba, tunarudi nyumbani mikono mitupu, na promota anadai advansi yake, fedha aliyotanguliza. Kila mshahara chumbani mle ulikuwa umefungwa kwenye neno moja tu la mtu mmoja, na neno lenyewe ni "ndiyo".

Tunapozungumzia wasanii walioharibikiwa huwa tunataja pombe, dawa za kulevya, kiburi, marafiki wabaya. Siku hizi kuna na neno machawa, watu wanaomganda staa na kumsifia ili wapate chochote. Machawa wapo, nimewaona. Ila waliomaliza watu hasa, kwa kadiri nilivyosoma na kuona, mara nyingi ni watu wa heshima zao wenye mikataba iliyosainiwa: mameneja, mawakili, madaktari.

Elvis Presley alifariki tarehe 16 Agosti 1977 akiwa na miaka 42, na jioni ya siku hiyohiyo alitakiwa apande ndege kwenda kuanza ziara nyingine. Meneja wake, Kanali Parker, katika miaka ya mwisho alikuwa na makubaliano ya kuchukua nusu nzima ya mapato. Daktari wake binafsi, ndani ya miezi minane ya mwaka ule peke yake, alikuwa ameandika kwa jina lake zaidi ya dozi 10,000 za dawa za kuchangamsha, za usingizi na za maumivu. Alipofikishwa mahakamani alijitetea kwamba alikuwa anajaribu kumdhibiti, kwamba angemnyima angezitafuta kwingine kubaya zaidi. Mahakama ilimwachia huru. Leseni yake ilikuja kufutwa miaka mingi baadaye. Utetezi ule sijawahi kuupuuza, kwa sababu una ukweli mchungu ndani yake. Anayesema hapana kwa staa hubadilishwa. Anayebaki ni yule aliyejifunza kusema ndiyo kwa namna inayofanana na uangalizi.

Miaka 32 baadaye jambo lilelile likajirudia, safari hii limeandikwa kwenye karatasi. Michael Jackson alikuwa ametangaza shoo 10 katika ukumbi wa O2, London. Tiketi zikagombaniwa, shoo zikaongezwa hadi 50, na yeye alikuwa anaelekea kutimiza miaka 51. Hakuwa anapata usingizi. Daktari aliyeahidiwa dola 150,000 kwa mwezi akawa anampa propofol, dawa ya nusukaputi ambayo mahali pake ni chumba cha upasuaji, ili alale usiku na kufanya mazoezi mchana. Alifariki tarehe 25 Juni 2009, na mwaka 2011 daktari akakutwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Familia ilipoishtaki kampuni iliyoandaa shoo, ilisomwa mahakamani barua pepe ya mmoja wa wakubwa wa kampuni, iliyotaka daktari akumbushwe kwamba anayemlipa mshahara ni kampuni, si Michael. Mwaka 2013 baraza la mahakama liliamua kwamba kampuni haiwajibiki kwa kifo kile, na uamuzi wa mahakama ni uamuzi. Lakini mimi niliposoma habari za barua ile nilikumbuka chumba chetu. Hakuna aliyehitaji kutuandikia barua. Tulikuwa tunajua.

Kwa Dada daktari alikuja saa moja kabla ya shoo, na sindano.

Hapa nataka nieleze kidogo, kwa sababu wengi hudhani sauti ni kipaji tu, kitu cha hewani. Sauti ni nyama. Kooni kuna mikunjo miwili midogo, nyuzi za sauti, mifupi kuliko kidole chako kidogo. Hewa ikipita, mikunjo hiyo hugongana na kuachana, na kasi ya kugongana ndiyo inayotupa noti. Ile noti ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha vyombo kabla ya kuanza, mikunjo hugongana mara 440 kwa sekunde moja. Mwanamke anayeimba juu, kwa saa moja na nusu, siku tatu ndani ya nne, piga hesabu mwenyewe. Ikichoka inavimba. Ikivimba, haigusani vizuri, sauti inakuwa ya hewahewa, na mwimbaji anakaza zaidi ili itoke. Akikaza zaidi, inaota vinundu, au mshipa mdogo wa damu unapasuka. Adele alikatisha ziara ya Marekani mwaka 2011 kwa sababu ya kuvuja damu kooni, akafanyiwa upasuaji, akapona na akarudi. Julie Andrews alifanyiwa upasuaji mwaka 1997, na sauti ile ambayo dunia nzima iliijua haikurudi tena.

Sindano ninayoisema hupunguza uvimbe kwa saa chache. Haitibu chanzo. Inaifanya nyuzi ionekane nzima wakati ina jeraha, na mwimbaji asiyesikia vizuri jeraha lake huimba kwa nguvu zake zote. Kuna madaktari waangalifu wanaoitumia kwa nadra, halafu wanaamuru mapumziko. Yule wa kwetu alikuwa amelipwa na promota. Alimwangalia Dada kooni kwa tochi, akasema, "Ataweza," akaondoka.

Dada akapanda jukwaani, nami nikapandisha lile faili.

Wimbo wa tatu nikabonyeza kitufe chake. Sikuwa na sababu ya kikazi ya kufanya hivyo. Nilichosikia kilikuwa hewa. Midomo inaumba maneno, pumzi inapita, na mara mojamoja mlio mdogo kama mlango wa mbao usiotiwa mafuta. Nilipoachia kitufe, uwanja ulinirudia wote kwa mkupuo: maelfu ya watu, simu juu, wengine wanalia kwa furaha, wanaimba pamoja na sauti ya miaka minne iliyopita. Katika watu wote wale ni mimi peke yangu niliyejua kwamba aliyesimama pale mbele hakuwa na sauti. Sikufanya kitu. Niliongeza kidogo mwangwi ili faili lisisikike bapa.

Kwa nini tusiahirishe tu? Watu huuliza hivyo wakidhani staa ana fedha za kuchezea. Ngoja nieleze zinavyotembea, maana hapa ndipo penye urembo ndipo penye urimbo.

Lebo, yaani kampuni ya rekodi, ikikusaini inakupa advansi, na magazeti yanaandika kwamba umepata mamilioni. Advansi ni deni. Chukua mfano wa dola 100,000 na mrabaha wa asilimia 15, ambavyo si vigezo vya ajabu katika mikataba ya kizamani. Deni lako halilipwi kwa mapato yote ya muziki. Linalipwa kwa ile asilimia 15 yako tu. Kwa hiyo muziki lazima uingize zaidi ya dola 660,000 ndipo uanze kuona senti ya kwanza. Kufikia hapo lebo imeshapata fedha yake na ya ziada juu, na wewe kwenye vitabu vyao bado ni mdaiwa. Ongeza gharama za studio, ongeza sehemu ya gharama za video, vyote vinaandikwa upande wako. Mwaka 1995 mabinti watatu wa kundi la TLC walikuwa na albamu inayouzwa kwa mamilioni ya nakala, na mwaka huohuo wakaenda mahakamani kutangaza kwamba wamefilisika. Watu walicheka, wakasema wamezila. Hesabu ile haihitaji mtu kula kitu.

Halafu muziki ukahamia mitandaoni. Kampuni za kusikilizia muziki hulipa wenye haki za muziki, na mwenye haki mara nyingi ni lebo, kwa hiyo kinachomfikia mwimbaji ni chenji ya chenji. Kilichobaki kinacholipa ni jukwaa. Zamani ziara ilifanywa ili kuuza rekodi. Sasa rekodi inatolewa ili kuuza ziara. Maana yake ni kwamba mtambo wa kuzalisha fedha umekuwa mwili wenyewe: koo, magoti, mgongo, usingizi. Rekodi inaweza kuuzwa katika nchi 100 usiku mmoja. Mwili unakuwa mahali pamoja tu, na lazima usafirishwe.

Na meneja? Kwa kawaida huchukua asilimia 15 au 20, na mara nyingi huihesabu kwenye mapato kabla gharama hazijatolewa. Ziara inaweza kumwacha msanii na hasara na bado ikamlipa meneja vizuri. Sisemi hili kumsuta yule wa kwetu. Nasema hata malaika ukimlipa kwa utaratibu huo, baada ya miaka mitano atakuwa anaona tarehe zilizo wazi kwenye kalenda kama fedha zilizoanguka barabarani.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake Mbube mwaka 1939, akaachia haki zake kwa shilingi 10, akafa mwaka 1962 akiwa fukara huku wimbo ukizunguka dunia kwa majina mengine. Binti zake walikuja kupata makubaliano mwaka 2006. Tunapenda kusimulia habari yake kama ya zama za giza. Mikataba niliyoiona kwa macho yangu, vijana wakiisaini juu ya boneti la gari wakiwa na furaha ya kuitwa wasanii, haikuwa ya zama hizo.

Lakini kisa kinachoninyima usingizi kuliko vyote ni cha Britney Spears, kwa sababu pale haikuwa siri. Kuanzia mwaka 2008 mahakama ya California ilimweka chini ya uangalizi, ikisema kwa maneno mengine kwamba hawezi kusimamia fedha zake wala mambo ya maisha yake. Miaka 13. Katika miaka hiyohiyo alitoa albamu, alizunguka dunia kwa ziara, aliketi kama jaji kwenye shindano la televisheni, na kati ya 2013 na 2017 akapiga shoo zaidi ya 200 Las Vegas. Hakufaa kujiamulia, ila alifaa kufanya kazi. Alipozungumza mahakamani Juni 2021 alisema alilazimishwa kufanya kazi alipotaka kupumzika. Na mawakili wa pande zote, pamoja na wale waliotetea uangalizi uendelee, walikuwa wakilipwa kutoka kwenye mali yake. Sijui kama kuna picha iliyo wazi zaidi ya jambo ninalolisema. Alikuwa analipia kufuli la mlango wake mwenyewe. Uangalizi ulifutwa tarehe 12 Novemba 2021.

Kuhusu upweke sitasema mengi, wengine wameuandika vizuri kunizidi. Nitasema tu nilichokiona. Shoo ikiisha, mwili haujui kwamba imeisha. Dakika tano zilizopita watu elfu ishirini walikuwa wanapiga kelele jina lako, moyo unakimbia, jasho linatiririka, na sasa uko kwenye chumba cha hoteli ambacho kinachosikika ni kiyoyozi. Huwezi kulala. Saa kumi na moja alfajiri gari linakuja. Hapo ndipo chupa inapoingia, au kidonge, na mwanzo wake si anasa hata kidogo. Mtu anatafuta usingizi. Tim Bergling, DJ wa Uswidi aliyejulikana kama Avicii, alilazwa na kongosho lililovimba akiwa na miaka 22. Aliacha kabisa kupiga shoo mwaka 2016, tena hadharani, na watu wengi wakamshangaa kijana anayekimbia fedha. Alifariki Aprili 2018 huko Muscat akiwa na miaka 28.

Watu hupenda kusema kuna laana ya miaka 27, kwa sababu ya Hendrix, Joplin, Cobain na Amy Winehouse, waimbaji waliofariki wote wakiwa na umri huo. Mwaka 2011 watafiti waliochapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, waliwafuatilia wanamuziki zaidi ya 1,000 waliowahi kushika namba moja kwa albamu nchini humo. Hawakuona chochote cha pekee katika umri wa 27. Walichoona ni kwamba katika miaka yao ya ishirini na thelathini, hatari ya kufa ilikuwa mara mbili hadi tatu ya watu wa kawaida. Naichukia hadithi ya laana, kwa kweli. Inaliondoa jambo mikononi mwetu na kulipeleka kwenye nyota. Laana haina mkataba wala kalenda ya shoo.

Nisiwasahau wachezaji na wapiga ala, ambao nao wamo katika "ndiyo" hii. Tarehe 24 Aprili 2016 Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufariki, akiwa na miaka 66. Picha za video zipo. Anaanguka nyuma ya wacheza shoo wake, na wao, kwa sekunde kadhaa, wanaendelea kucheza, kwa sababu wanawatazama watu na muziki bado unapiga. Nimeitazama video ile mara moja tu. Siwalaumu hata kidogo, walikuwa wanafanya kazi yao sawasawa kama walivyofundishwa. Ndicho kinachonitisha.

Na sisi tunaokata tiketi? Tarehe 18 Juni 2011, Belgrade, Amy Winehouse alipanda jukwaani akiwa hajiwezi, anasahau maneno, anakosa mahali pa kuingia. Maelfu walimzomea. Video ikasambaa, watu wakacheka. Tarehe 23 Julai alikutwa amefariki nyumbani kwake London. Nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyemwona asubuhi ya siku ile ya Belgrade na kusema twende. Lakini najiuliza pia kuhusu wale waliozomea. Walikuwa wamelipa, na aliyelipa hudhani amenunua.

Miaka 12 baadaye, kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, Lewis Capaldi alikuwa anaimba mwili wake ukimruka kwa maradhi ya Tourette, na sauti ikamwishia kabla ya wimbo wa mwisho kwisha. Umati ule mkubwa ukauchukua wimbo na kuumalizia. Siku chache baadaye akatangaza anapumzika, na alipumzika miaka miwili. Juni 2025 alirudi kwenye tamasha lilelile. Stromae naye alifuta ziara yake mwaka 2023, Shawn Mendes mwaka mmoja kabla. Nafurahi kila ninapoona hivyo, ingawa nafahamu kwamba ruhusa ya kusema hapana imewafikia kwanza walioshiba. Msanii wa daraja la Dada, mwenye jina kubwa na akaunti ndogo, akifuta shoo anaitwa mlevi, anaambiwa anatafuta kiki, na promota mwingine hampi tena tarehe.

Kwake ilikuwa hivyo hasa. Baada ya usiku ule kulikuwa na shoo nyingine mbili, zote kwa faili, na kwenye ya pili mshipa ulipasuka. Miezi saba hakuruhusiwa kuimba. Ndani ya wiki sita timu ilikuwa imetawanyika. Meneja alipata binti mwingine, mwenye miaka 19 na sauti kama kengele. Mimi nilichukua siku 12 tu kupata kazi kwa mtu mwingine. Nazikumbuka kwa sababu nilizihesabu kwa wasiwasi wa kodi, na katika siku zile zote nilimpigia Dada mara moja. Hakuweza kuongea, kwa hiyo nilizungumza peke yangu, nikakata.

Mwaka juzi alinipigia yeye. Sasa anafundisha watoto kuimba. Sauti yake ya kuongea imeshuka, ina kitu kama mchanga ndani.

"Kaka, zile rekodi za shoo bado unazo?"

Tulikuwa na kawaida ya kurekodi kila maiki peke yake kwenye kompyuta. Nilikuwa nazo. Nikamwambia ninazo, na safari hii neno hilo lilinitoka kwa shida.

Alikuja jioni. Aliniuliza kuhusu usiku wa daftari, na nikamweleza yote, mpaka habari ya kitufe na kwamba nilisikia. Hakusema kitu. Akasema anataka kuisikiliza njia yake peke yake, bila faili. Nilijaribu kumzuia, nikamwambia, "Dada, haina haja." Akanyoosha mkono, nikampa hedifoni.

Alisikiliza wimbo wa kwanza macho yamefumba. Wa pili. Nilikuwa natazama mistari ikipita kwenye skrini, myembamba, karibu bapa. Katika wimbo wa nne kuna mahali ambapo sauti hupanda, ndipo pale palipomfanya ajulikane, na kwenye faili ni pazuri sana. Kwenye njia yake pana pumzi tu. Pumzi, kimya, pumzi, kila moja mahali pake.

Akavua sikio moja.

"Sikuruka hata neno," akasema. "Umesikia? Hata moja."

Nikamwambia nilisikia.

"Rudisha pale mwanzo wa ubeti."

Nikarudisha.